Mkwe wa Mama Silas

Jumatano, 26 Desemba 2007

Bado nasahihisha. Kidato cha nne, Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Swali la pili: kwa nini Wajerumani wengi hawakuamini kwamba jeshi lao limeshindwa? Wengi wameandika walichokariri. Msichana mmoja wa Kisudani ameandika kwamba watu waliambiwa wanashinda karibu hadi siku ya kusalimu amri, na aliyeahidiwa ushindi hatafuti sababu ya kushindwa, anatafuta msaliti. Nimempa alama zote. Nimemwonea wivu pia.

Kesho nyumbani wanapiga kura. Sisi wa huku kwa Waarabu tunapiga domo. Silas amepika, zamu yake. Ugali umeiva nje, ndani unga. Tumemcheka na tumeumaliza.

Ijumaa, 28 Desemba

Mapumziko. Kura zinahesabiwa. Tuko watatu katika chumba hiki cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud: mimi mwalimu, Silas mlinzi kule The Pearl wanakojenga, na Bakari dereva, mtu wa Mombasa. Silas ana mgombea wake, mimi wangu. Makabila sitayaandika humu. Nimeyachoka.

Nimempigia Esther. Mke wangu hana wasiwasi, anafua. Mji tulikopanga nyumba uko Bonde la Ufa, kwa watu wa akina Silas. Tumeishi nao vizuri miaka yote. Watoto wanaongea lugha yao kuliko yetu.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo yametangazwa. Wangu ameshinda. Silas amesema kura zimeibwa.

Ningenyamaza. Ulimi hauna mfupa. Nikaanza kufundisha, kijiko mkononi, kana kwamba niko darasani. Nikamweleza habari za Wajerumani, jinsi walivyokataa kushindwa, wakatafuta msaliti, wakampata jirani, na mwisho wakampata dikteta. Nikasema watu wasiokubali kushindwa ndio wanaoleta hayo.

Silas aliweka tonge chini. "Kwa hivyo mimi ndio Nazi wako, mwalimu?"

Bakari akasema chakula kinapoa. Silas alinawa mikono akaenda kulala.

Jumatatu, 31 Desemba

Silas amenunua sufuria yake. Ameiweka jikoni upande wa dirisha, na unga wake, na mwiko wake. Bakari hajui ale wapi. Amekula mkate.

Esther amepiga. Moshi upande wa soko. Watoto amewalaza na viatu.

Nimewaza mchana kutwa. Wajerumani walishindwa kweli. Hapa hakuna anayejua nani alishinda, mimi nikiwemo. Nilichukua somo la watu wengine nikamchapia rafiki yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 2 Januari 2008

Mwenye nyumba amemwambia Esther ahame kabla ya jioni. Si kwa ubaya. Ameambiwa akiwaweka atachomewa na yeye. Maduka yamefungwa, Esther hana kredo ya simu, lazima nipige mimi, na betri yake inakwisha. Barabara ya kwenda polisi imezibwa na vijana. Wanaangalia vitambulisho. Jina likiwa si lao, basi.

Ninamjua mtu mmoja tu upande ule. Mama yake Silas, ng'ambo ya mto. Huku anayekwenda likizo hubeba mizigo ya wote, na mwaka jana nilimpelekea blanketi kutoka kwa mwanawe. Nilikwenda na Esther. Alituchinjia kuku.

Bakari amenipeleka The Pearl. Silas alikuwa langoni na sare yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani. Hakuniangalia. Akatoa simu, akaongea na mama yake kwa lugha yao, muda mrefu, kwa sauti ya chini. Mimi sielewi lugha ile. Angeweza kuwa anamwambia chochote. Niliogopa vibaya sana.

Akakata simu. "Mwambie Esther afunge shavu na leso kama mtu anaumwa jino. Asiongee njia yote. Mama anaenda kumchukua mwenyewe. Atawaambia ni mkwe wake, bibi yangu."

Silas hajaoa.

Alhamisi, 3 Januari

Wamefika. Vijana wa kwenye kizuizi walimwuliza Esther swali, yeye akaguna na kushika shavu. Watoto ndio waliojibu, kwa lugha ya pale, bila kukosea. Mama Silas akawagombeza vijana wale kwamba wanamchelewesha mgonjwa, wakampisha.

Nimekwenda kumshukuru Silas. Amesema nisimshukuru yeye. Bado anapika peke yake.

Jumapili, 6 Januari

Shule imefunguliwa. Mada ya leo ilikuwa Ujerumani ya miaka ya thelathini: watu hawana kazi, vijana wenye sare wanapigana mitaani, kila chama na jeshi lake. Kitabu kinasema wengi wao walikuwa watu wa kawaida. Mwanafunzi mmoja akauliza wa kawaida vipi. Nikasema fungueni ramani, pakeni rangi mipaka. Nikatoka nje nikasimama kwenye korido.

Jumanne, 8 Januari

Kuna aliyesema. Sijui nani.

Wamekuja alfajiri kwa Mama Silas wakimtaka mkwe. Vijana aliowapokea mwenyewe walipozaliwa, kwani ndiye mkunga wa kijiji. Amesimama mlangoni akawaita kwa majina, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Hilo lilimpa Esther nafasi ya kupita nyuma na watoto, kwenye mahindi makavu, hadi kanisani, ambako lori la polisi lilikuwa likichukua watu. Wako salama, uwanja wa maonyesho, chini ya turubali. Esther amepiga kwa simu ya mtawa.

Mama Silas amepigwa rungu kichwani. Esther aliona alipogeuka.

Silas hajui. Yuko kazini. Mimi ndiye ninayejua na mimi ndiye nitakayemwambia. Mke wangu mzima, wanangu wazima, na ninatamani kufa.

Nimemwambia. Aliuliza kama alikuwa anapumua. Esther hakuliona hilo.

Alhamisi, 10 Januari

Amefariki hospitali ya wilaya.

Silas ameomba ruhusa akazike. Bila kibali cha kutoka, mtu havuki uwanja wa ndege, na kibali ni cha kafili, mwajiri aliyemdhamini, na kafili yuko safarini. Ofisini wamemwambia asubiri. Alirudi akaketi kitandani na sare. Bakari anasoma Yasini kimya kimya ingawa marehemu alikuwa Mkristo. Mimi nasikia aibu hata kuchemsha maji. Natamani Silas anipige. Hanipigi. Amekunja nguo zake tu, zote, kisha akazikunjua.

Jumatatu, 14 Januari

Amezikwa bila Silas. Kaka yake alishika simu kando ya kaburi, sisi watatu tukasikiliza huku sakafuni. Upepo ulikuwa mwingi. Wimbo mmoja ulisikika, halafu udongo. Kadi ikaisha katikati. Bakari alikimbia chini dukani kununua nyingine, na aliporudi watu walikuwa wametawanyika.

Esther ameniuliza Silas anasemaje juu yetu. Nimesema sijui. Ni kweli sijui.

Jumanne, 15 Januari

Sikwenda shule. Nimesema ninaumwa.

Asubuhi Silas amenijia na wembe na kibakuli cha maji. Kwao mfiwa hunyolewa baada ya mazishi, na anayenyoa lazima awe mtu wa nyumba hiyo. Nimemwambia kuna kinyozi Mhindi hapo chini, mkono wake mzuri. Nimemwambia mimi sistahili. Nimeyasema yote mawili kwa pumzi moja kama mjinga.

Amekaa kwenye ndoo ya bafuni, akainamisha kichwa. "Mama alishawaingiza nyumbani," akasema. "Nyoa."

Nimemnyoa polepole, kuanzia kisogoni. Nimemkata kidogo karibu na sikio, akainamisha kichwa zaidi. Maji yalipopoa Bakari alituletea mengine.