Upande wa Kushoto wa Kaburi

Arras, 10 Machi 2004

Babu yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote nakuinamia mara tatu, ingawa nafasi ya hapa bwenini ni finyu na mwenzangu Clothilde anadhani nimeangusha kalamu. Kikohozi kinaendeleaje? Ile dawa unaimeza, au Shangazi bado anaikuta kwenye chungu cha maua? Na goti la kulia, baridi ya mwaka huu imeliachia? Baba aliniambia kwamba sasa unatembea hadi sokoni na kurudi bila fimbo. Nilifurahi, lakini najua Baba hupenda kukuongezea hatua, kwa hiyo nauliza mwenyewe.

Mimi ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukishika simu nyumba nzima huja nayo: Shangazi anasemea begani kwako, binamu wanagombania waya, na mimi, unanijua, watu wakizidi wawili ulimi wangu hulala. Barua hii ni ya mkono wako peke yako. Herufi nimezifanya kubwa ili usihitaji mtu wa kukusomea.

Nimeambiwa kwamba Mwalimu Teng alilifikisha kopo la udongo salama, na kwamba umeichagua Siku ya Kufagia Makaburi kulifungua kaburi la mama yako na kumlaza baba yako upande wa kushoto, mahali palipoachwa wazi tangu mama yako afariki. Baba anasema fundi ameshaambiwa. Zimebaki siku ishirini na tano, na barua ya kutoka huku huchukua kama kumi na mbili. Tafadhali isome hii yote kabla fundi hajaja.

Uliniuliza kuhusu masomo. Naendelea vizuri katika hesabu, vibaya katika falsafa, na katika historia niko katikati, maana ninayajua majibu lakini sinyooshi mkono. Clothilde huniambia, "We Yanqiu, endelea kunyamaza hivyo hivyo, siku moja utaota ukungu." Hana ubaya. Ananakili hesabu zangu na kunilipa kwa kunisahihishia insha. Chakula cha shuleni ni kingi. Kuna mboga fulani nyeupe wanayoichemsha hadi inakata tamaa, na kuna jibini ya huku kaskazini ambayo harufu yake huingia chumbani kabla ya sahani. Sasa naila. Nimeongezeka kilo nne.

Nimesafiri pia. Likizo ya mwishoni mwa Oktoba nilikwenda na wasichana wawili wa Qingdao wanaosoma Lille. Tulimaliza miji minne kwa siku tano, Bruges, Antwerp, Amsterdam na Cologne, tukilala katika hosteli na kula tambi za maji ya moto. Tulipiga picha nyingi kuliko tulivyotazama. Ile picha niliyokutumia ya kinu cha upepo, uliyosema nimependeza mashavu mekundu, nilikuwa na homa. Cologne nakumbuka kanisa kubwa jeusi na benchi la stesheni nililolalia wenzangu wakipanda ngazi za mnara. Sikukuambia wakati ule kwa sababu mambo yalikwisha yenyewe.

Ijumaa jioni bweni hufungwa, na wanafunzi wa mbali hupewa nyumba ya kwenda. Mimi nilipewa ya Mzee Hocquet, mgane wa miaka sabini na mmoja aliyekuwa akilima bitiruti za sukari. Anaongea sana, tena kwa lafudhi ambayo mwalimu wetu kule Laizhou hakutufundisha. Siku ya kwanza aliniuliza kama nakula mkate. Kwa haya nikatikisa tu kichwa, akadhani siuli, akaendesha gari kilomita kumi na mbili kutafuta mchele. Siku nyingine alinikuta bustanini natafuna kitunguu kibichi na majani yake, kama tunavyokula nyumbani. Alicheka hadi akashika ukuta, akasema sungura wake sasa amepata dada. Ndiye aliyenipeleka makaburini.

Najua unaingoja sehemu hii. Tulikwenda Jumamosi tatu za Novemba, viwanja vitatu vya makaburi ya watu wetu walioletwa huku kufanya kazi wakati wa ile vita, katika gari lake lenye harufu ya mbwa aliyekufa zamani. Makaburi hayo yako katikati ya mashamba. Unapita matope na marundo ya bitiruti, kisha ghafla mawe meupe yamejipanga kama wanafunzi asubuhi, yana maandishi yetu, yana majina ya wilaya zetu. Ukutani kuna kisanduku cha chuma, na ndani yake daftari la majina. Nilikuwa na namba ya kazi ya baba yako, ile ya kwenye karatasi mnayoihifadhi nyuma ya kioo cha picha. Nilikuwa pia na uvumba na karatasi za kuwachomea marehemu. Mzee Hocquet aliniambia niwasomee wale watu majina yao kwa sauti, kwa kuwa hawajaisikia lugha yao siku nyingi. Nikasoma. Baada ya safu mbili akaniambia, "Binti, mimi niliye hai sikusikii, sembuse hao."

Tulisoma majina yote, katika viwanja vyote vitatu. Nilipitia madaftari mara mbili.

Babu, baba yako hayumo. Sikumwona Novemba wala baada ya hapo, na udongo ulio ndani ya kopo si wa kaburi lake.

Mkesha wa Mwaka Mpya mlipopiga simu ulikuwa umetoka hospitali siku mbili kabla. Nilisikia sahani, nilisikia fataki, nilisikia Shangazi akiwaambia wote wanyamaze. Kisha ukachukua simu na hukuniuliza kama nimekula. Uliuliza, "Umemwona?" Nilikuwa nimepanga kusema bado natafuta. Pumzi zako zilikuwa zinasikika kuliko maneno. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Baba alinishika bega akasema mtoto aliye mbali hupeleka nyumbani habari njema, na mbaya huzimeza palepale. Nikasema, "Ndiyo, Babu, nimemwona." Nikasikia umempa mtu simu, kisha nikasikia unalia, na Shangazi akaniambia nimefanya jambo ambalo ukoo mzima haujaweza.

Wiki ya pili Mwalimu Teng na wenzake walikuja kutoka nyumbani kuitembelea shule yetu, na Baba alikuwa ameshamwagiza achukue udongo. Nilipanda basi hadi kile kiwanja cha tatu cha makaburi na kopo la biskuti. Ardhi ilikuwa imeganda, nikachimba kwa kijiko cha bwalo la shule. Nilichagua kaburi la mwisho katika safu ya nyuma kwa sababu mtu akipita barabarani halioni. Hiyo ndiyo sababu pekee. Jina la mwenye kaburi ni Xing Baotai.

Niliposikia kwamba siku imechaguliwa, nilikuwa mezani kwa Mzee Hocquet. Aliniuliza habari za nyumbani nikamweleza zote, labda kwa sababu yeye hakumjua mtu yeyote wa kumpelekea umbeya. Aliweka kijiko chini. Aliuliza kama kwetu ni kawaida kumlaza mwanamke wa watu na mwanamume asiyemfahamu. Nikasema hapana. Akasema marehemu mkewe, wangemlaza pembeni ya mchinja nyama wa kijijini, angeamka akarudi nyumbani kwa miguu. Sikujua kama nicheke. Kisha akauliza, bila mzaha safari hii, nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi mko wawili, wewe na yule uliyemchota."

Jumatatu iliyofuata alinifuata shuleni baada ya vipindi, akaniendesha hadi ofisi ya kumbukumbu mjini. Nilidhani ataingia nami anisemee, lakini alizima gari, akafungua gazeti. Alisema, "Mdomo ni wako, babu ni wako. Mimi nina baridi." Nilisimama mlangoni hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Mwanamke wa ndani, Bi Quéva, alinitaka nirudie mara tatu, si kwa ubaya, ni masikio yake. Mara ya tatu niliongea kwa sauti iliyowageuza watu waliokuwa wakisoma. Alinakili ile namba, akasema ataiandikia ofisi inayotunza orodha za wafanyakazi waliotoka kwetu wakati wa vita.

Jibu limekuja Jumamosi iliyopita. Nakupa kama lilivyo, sipunguzi wala siongezi. Namba ile ni ya Luan Shoutian, wa wilaya yetu, miaka ishirini na minne. Meli aliyopanda ilipigwa na kuzama katika Bahari ya Mediteranea, Februari 1917, siku chache kabla ya kufika bandarini Marseille. Hakuokolewa, na mwili wake haukupatikana. Hakukanyaga Ufaransa, Babu. Hakuchimba handaki hata moja, hakuiona hii mvua. Wakati meli inazama wewe ulikuwa bado tumboni.

Nimefikiri sana juu ya yule jirani yenu wa ukoo wa Qu, aliyerudi wakati wewe unajifunza kutembea. Umetusimulia kila mwaka kwamba alimwambia mama yako mumewe amezikwa vizuri, ana jiwe jeupe lenye jina, na nyasi hukatwa. Nimewasoma wale wote na jiwe hilo halipo. Nadhani alifika mlangoni akamwona mama yako amekubeba, akaulizwa swali lilelile nililoulizwa mimi, na akajibu kama mimi. Simlaumu. Lakini kwa ajili ya jibu lake mmetafuta jiwe miaka themanini na zaidi, na mama yako amelala na nafasi wazi pembeni yake akingoja udongo usiokuwepo. Jibu langu lingeijaza nafasi hiyo na mtu mwingine, na hakuna ambaye angejua.

Sasa unajua. Naomba usimzike Xing Baotai pale. Kuhusu upande wa kushoto, sina la kushauri. Unaweza kupaacha kama palivyo, unaweza kuandika jina tu. Wewe ndiye mwanawe. Hasira yoyote utakayokuwa nayo ni yangu, usimgawie Baba, kwa sababu hajui lolote. Sijamwambia kwamba nakuandikia, na ukimwonyesha barua hii sitakasirika.

Nilirudi kwa yule mtu Jumapili, safari hii na Mzee Hocquet. Nilikifukia kile kishimo kwa udongo wa pembeni, nikachoma zile karatasi nilizokuja nazo kwa ajili ya baba yako. Nilimwomba radhi kwa lugha ya nyumbani. Mzee Hocquet, aliyekuwa getini, alisema safari hii amesikia kila neno, ingawa hakuelewa hata moja.

Ninafunga hapa kwa sababu kengele ya chakula imelia. Msalimie Baba na Mama, mwambie Shangazi soksi alizonitumia zinanitosha, na binamu wasiguse baiskeli yangu. Kunywa dawa, Babu. Ukitaka kunijibu, anwani ni ileile ya shule. Usipotaka, nitaandika tena mwezi ujao.

Kwa heshima na kwa aibu, mjukuu wako,

Luan Yanqiu

Nyongeza: Maneno ya lile jiwe nimeyanakili yote. Xing Baotai, mtu wa Changyi, Shandong, alifariki 19 Novemba 1918, vita vikiwa vimekwisha wiki moja na siku moja. Jina la kijiji halikuandikwa. Changyi si mbali, Baba anaweza kukuendesha asubuhi mkarudi kabla ya chakula cha jioni. Ukoo wa Xing si wa watu wengi. Ukiuliza sokoni kwa wazee, hutakosa mtu ambaye nyumbani kwao bado wanamngoja. Mwambie jiwe lipo. Mwambie nimeligusa.