Ndoana za Ramadhani

Jumatatu, 4 Juni 1984

Saumu ya nne. Uweso nahodha kaleta kazi ya kufunga. Ndoana mia mbili na arobaini, na nailoni mpya kutoka Mombasa, nzima, haijakatwa! Imepita mpakani Horohoro ndani ya gunia la vitunguu. Kaniwekea mezani, kasema ndizo zote alizonazo, zikipotea hana nyingine wala mji huu hauna. Anazitaka kabla ya Idd. Wakishakula sikukuu wanatoka, siku tatu nje ya kisiwa cha Yambe, mshipi mmoja mrefu wenye ndoana zote hizo. Nimesema zitakuwa tayari. Nimesema haraka, kabla hajaniangalia machoni.

Maana sioni. Niandike hapa, daftari halina mdomo. Jicho la kushoto limekufa tangu mwaka juzi. La kulia naona kama kupitia chandarua. Herufi hizi naandika kubwa kama za mtoto anayeanza shule, na mstari ukinipotea basi. Vidole navyo — asubuhi haviwezi hata kifungo cha nguo. Hajui mtu. Narmin wa duka la jirani labda anashuku. Maha ndiye asijue kabisa. Mtoto wa kaka yangu huyu ameshaapa: siku nikishindwa kazi nahamia kwake Nguvumali, chumba cha nyuma, nikae nitazamwe. Na nyumba hii ya Chumbageni ipangishwe. Mimi nitazamwe, kama maziwa yaliyo motoni! Sitaki.

Marehemu mume wangu, Yazid, aliyenifundisha kazi hii, mwezi wa Ramadhani alikuwa haishiki ndoana. Mwezi mzima kazi imelala, yeye barazani na tasbihi. Nilikuwa namwita mvivu. Anacheka, hajibu. Tangu afe, kila mwezi huu ukifika hapakuwa na nailoni ya kunijaribu, Ramadhani zote zimepita mikono mitupu. Hii ndiyo ya kwanza. Nimeanza leo leo.

Alhamisi, 7 Juni

Kumi kwa siku. Zaidi ya hapo vidole vinagoma.

Lakini njia yangu nzuri, nani wa kunisifu kama si mimi. Ndoana naichoma kwenye kumbi la nazi, isimame yenyewe nisilazimike kuibana. Chini natandika kipande cha buibui kuukuu. Uzi mweupe juu ya cheusi, angalau kivuli chake nakipata. Tundu la ndoana nalitafuta kwa ukucha, si kwa jicho. Halafu ubavuni mwa ndoana nalaza mrija wa kalamu ya biki, mtupu, hauna wino. Nazungusha uzi juu ya vyote viwili mara saba, nahesabu kimoyomoyo. Ncha naipitisha ndani ya mrija, inatokea upande wa pili yenyewe. Nautoa mrija polepole, nakaza. Kwisha. Hakuna kukodoa macho, hakuna kufinya. Kipofu anaweza. Kipofu anafanya!

Zamani kabla ya kukaza nilikuwa nautia uzi mdomoni, ukilowa ndipo navuta. Sasa nina saumu, na uzi wenyewe unanuka kitunguu, nikiugusisha tu mate yanajaa. Nimeacha. Kwa mrija huu hakuna haja.

Maha alikuja na ndizi za futari. Kaniuliza barua ya ndugu zetu wa Maskati inasemaje. Nikamwambia salamu tu, hakuna jipya. Barua iko chini ya mto, sijaisoma hata mstari. Kakaa ananitazama mikono. Shangazi, vidole vimevimba, anasema. Nikamwambia avitazame vyake, vina rangi ya kucha na swala je? Kaondoka kanuna. Afadhali anune kuliko achunguze.

Jumapili, 17 Juni

Redio imewashwa mtaa mzima. Wanasema mwenye fedha zake nje sasa ruhusa kuleta bidhaa, hataulizwa kazipata wapi. Abdulhussein, mume wa Narmin, kaja mpaka dirishani kwangu kunipa habari, mzee mzima anarukaruka. Duka lake lina viberiti na chumvi tu tangu mwaka jana, namwelewa. Kasema mwakani atauza ndoana zimeshafungwa kiwandani, kwenye pakiti, kumi kumi. Na wewe utapumzika Bi Zeyana, anasema, kwa wema kabisa.

Nikamwambia alete sabuni kwanza.

Lakini imenikaa rohoni. Pakiti! Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka. Siwezi kukosea hata ndoana moja mwaka huu. Zimefika mia moja na thelathini.

Jumamosi, 30 Juni

Nimemaliza! Juzi usiku niliota nazihesabu.

Uweso kaja alasiri kuzichukua, yeye na baharia wake Luka, yule Mbondei mrefu. Shikamoo Bi Zeyana, wote wawili. Nimewakabidhi kapu. Nikamwambia avute aone. Kachukua moja, kavuta kidogo tu kwa adabu, kasema kazi ya Bi Zeyana haikaguliwi. Luka kasema nguru wakubwa wote aliowala tangu aanze kazi ni wa mkono wangu. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi.

Zimebaki mbili, za zamani za marehemu, nilizifunga kwa nailoni hiyohiyo kwa kukosea hesabu. Nimezining'iniza msumarini.

Wanatoka Jumamosi ijayo.

Jumanne, 3 Julai

Idd imepita. Kaimati kwa sukari ya foleni, lakini tumekula.

Leo nimefunga ndoana moja ya Abdulhussein, yake ya kuvulia samaki changu gatini. Nimeutia uzi mdomoni bila kufikiri, mazoea. Nikavuta. Fundo likateremka taratibu, laini, likakaa. Nikaduwaa. Zile za mwezi mtukufu hazikuteremka hivi. Zilikuwa zinakwaruza. Nilisikia zinakwaruza kila siku, nikadhani ni vidole vyangu!

Nikazichukua mbili za msumarini. Nikafunga uzi kwenye komeo la mlango, ndoana nikaishika kwa koleo la marehemu, nikavuta kwa uzito wa mwili. Ya kwanza ikachomoka. Ncha ya uzi imejikunja kama mkia wa nguruwe. Ya pili uzi ukakatika palepale penye fundo. Nikavuta ya Abdulhussein. Mlango ulilia, fundo halikutikisika.

Ukavu. Uzi mkavu haukazi, unajiunguza wenyewe.

Na Yazid alijua. Ndiyo maana alikuwa anakaa barazani. Kwa nini hukuniambia wewe mwanamume? Miaka ishirini na sita nakuita mvivu na wewe unacheka! Nimelia. Halafu nimekasirika. Bakuli la maji tu lingetosha. Bakuli la maji!

Mia mbili na arobaini. Samaki wa kwanza mwenye nguvu anaondoka na ndoana, na wa pili, na wa tatu. Uweso atavuta mshipi mtupu, na ndoana hana nyingine.

Lazima nimwambie.

Jumatano, 4 Julai

Nimekwenda ufukweni Deep Sea, walipo na chombo. Jua limenipiga usoni, sikuona kitu, nimefuata sauti. Uweso kaniletea kiti. Mashallah, wamefurahi wote kuniona, nahodha anawaambia wenzake huyu ndiye mama wa ndoana. Mshipi umeshapangwa kwenye makapu mawili. Nikapapasa ndoana moja kwa siri. Chini ya kidole fundo limejaa mikwaruzo.

Maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema nimekuja kuwatakia safari njema.

Nimerudi na mtungo wa changu wa zawadi. Nimewapa paka wa Narmin. Sikuweza kula samaki hao.

Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 5 Julai

Hesabu yangu hii: nikisema, Maha anapata alichokuwa anakitaka. Atasema macho. Kila mtu atasema macho. Na si macho! Macho hayakukosea, mikono haikukosea. Nikinyamaza, Uweso anarudi hana ndoana, hana kazi, yeye na watu wake saba. Na watasema vilevile macho.

Sijala.

Jumamosi, 7 Julai. Saa tano na nusu asubuhi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Maha alikuja mapema. Nikamwambia nipeleke Deep Sea, usiniulize. Hakuuliza, kanishika mkono. Tumewakuta wanapakia maji ya kunywa. Chambo kimeshaingia, na barafu hakuna wiki nzima, kikikaa mpaka kesho kimeoza. Wanangoja bahari tu ianze kupwa, maji yanaanza kutoka saa saba.

Nimemwita Uweso pembeni. Hapakuwa na pembeni, wote walinisikia. Nimemwambia zile ndoana mbovu. Nimemweleza: nilikuwa na saumu, sikutia uzi mate, fundo likikazwa kavu haliwezi kitu. Nishushie nizifunge upya, zote, nipe siku ishirini na tano.

Uweso akasema taratibu, kwa heshima zote: Bi Zeyana, tusiseme saumu imeharibu kazi ya mtu. Saumu haiharibu. Na wengine nyuma yake, astaghfirullah, astaghfirullah. Mmoja akanung'unika ni mkosi kusema vile chombo kikiwa majini. Nikamwambia si saumu, ni mimi, ni ukavu. Akasema alivuta moja kwangu, ikashika. Akasema nina wasiwasi wa upweke, nikalale, atanirudia na samaki. Keshageuka. Nimemsikia anamwambia Luka alete nanga.

Nimeona hapo kwamba ukweli wangu hauna mnunuzi. Iko sababu moja tu ambayo wangeiamini. Na Maha kanishika mkono.

Nikasema, Uweso, sioni.

Akasimama. Nikasema tena. Mimi ni kipofu wa jicho la kushoto, na la kulia limebakia kivuli. Hapo ulipo sijui kama umeniangalia au umenipa mgongo. Sikuziona ndoana zako. Hata moja.

Mkono wa Maha ulikaza mpaka mfupa ukauma.

Uweso akauliza, tangu lini?

Ningeweza kusema tangu mwezi uliopita. Ingetosha, angeshusha. Sijui kwa nini, nikasema kweli: tangu mwaka juzi.

Luka akadakia. Nahodha, yule nguru wa mwaka jana tuliyempakata watu wawili, alikuwa kwenye ndoana ya nani? Uweso akamwambia anyamaze. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti nyingine: ndoana ya huyo wa mwaka jana uliifunga huoni? Nikamwambia sikuona. Na ya yule samaki kole wa Maulidi? Sikuona Uweso. Na zote zilishika, anasema, kama anajiambia mwenyewe. Zilishika, nikasema, kwa sababu zilikuwa na mate.

Akakaa chini. Nimemsikia anakaa, mchanga ulikwaruza. Watu wake wakaanza kubishana, chambo kitaoza, twende, wengine wanasema kizee kimekiri mwenyewe mnataka nini zaidi. Kizee! Uweso hakusema twende, hakusema tushushe. Akaniambia tu nirudi nyumbani, nitapata jibu kabla ya maji kutoka.

Tulipofika Chumbageni Maha akaingia chumbani, akatoa ile barua chini ya mto. Haijafunguliwa, akasema. Nikasema ndiyo. Akasoma kwa sauti, yote. Kumbe binamu yangu wa huko amefariki tangu Aprili. Mimi nilimwambia salamu tu.



Sasa kavuta sanduku chini ya kitanda. Anakunja nguo zangu. Hanigombezi, ingekuwa afadhali. Nimemwambia aache, ngoja jibu. Ananiambia jibu gani, Shangazi, jibu umeshalitoa mwenyewe mbele ya watu. Nimekaa mezani naandika ili nisipige kelele.

Saa sita na robo. Adhana bado.

Mtu barazani. Hapigi hodi. Anahema kama mtu aliyebeba kitu toka mbali. Sasa kakitua sakafuni, kizito, chuma kimelia juu ya chuma. Anarudi hatua chache, anakuja na kapu la pili, na kitunguu kinanuka mpaka mezani.

Maha kaacha kukunja.