Nampenda Katsuva, au Napenda Ordinatere?

Mama Agathe, wewe unayepokea mizigo ya watu kwenye redio kila Alhamisi, leo upokee na wa kwangu, maana umenilemea. Ninaandika nikiwa kwenye barza ya nyumba yetu hapa Bigo, mtaa wa Bunia, mvua imetoka kukatika, udongo mwekundu unanukia, na mimi badala ya kuchambua mchele niliopewa ninatazama matone yanavyoning'inia kwenye kamba ya nguo na kuyachora kwa macho, moja moja, ndiyo maana mama anasema nimerogwa. Uniite Régine tu. Jina la baba uliache, yeye ni mtu wa Mahagi na hapendi mambo ya nyumba yake yatembee hewani.

Mimi ni mchoraji. Nilikuwa ninafanya kazi kwa mradi mmoja wa afya, ninachora picha za kuwafundishia akina mama, mtoto anayenyonya, maji yanayochemka, choo chenye kifuniko, na ndani ya biro, ofisi ya mradi ule, kulikuwa na ordinatere, mashine yenye kioo kama cha televizyo, na pembeni yake kadude kadogo kenye mkia ambako wenyewe wanakaita panya, ukikasukuma juu ya meza, mshale unatembea kwenye kioo. Mwenye kuitumia alikuwa Madame Adeline, Mbelgiji aliyeandika ripoti. Siku moja aliniona nimesimama nyuma yake muda mrefu, akacheka, akainuka kwenye kiti, akasema, "Régine, kaa. Chora kitu."

Nikachora jani la sombe, la muhogo. Moja tu. Madame akanionyesha pa kubonyeza, na lile jani likazaa jani la pili, la pili likageuka likatazamana na la kwanza, na polepole sana, Mama, maana mashine ile ilikuwa dhaifu na kila mstari ilikaa kwanza ikifikiri kama sufuria inayongoja kuchemka, kioo chote kikajaa majani, kikawa bustani, kikawa pagne, kitenge kizima. Niliona kabisa mwanamke amevaa pagne ile anashuka kwenda misa. Nilisahau kula. Kisha mradi ukafungwa, Madame akarudi kwao na mashine yake, na mimi nikarudi kwenye kalamu na rula, lakini bustani ile haijatoka kichwani. Nikichota maji ninaiona ndani ya ndoo. Akina mama wa parokia wanataka pagne yao ya yubile, wameniomba niwachoree motifu tuipeleke kiwandani, na ninajua kama ningekuwa na mashine yenye nguvu ningeweza kuchora si hiyo moja tu, bali pagne za nchi nzima.

Sasa ndipo anaingia bwana mmoja, citoyen Katsuva. Ni mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia hapa, ana kamio, lori lake linalopeleka kahawa na kurudi na chumvi, sabuni na mabati. Alikuja kwangu ili nimwandikie jina kwenye mlango wa kamio, akarudi kusema herufi zimependeza, akarudi tena bila sababu, na sasa kila Dimanche mchana, baada ya misa, yuko kwenye barza yetu, anaeleza habari za njia na madaraja. Ni mtu mzuri. Hanywi kupita kiasi, hapigi kelele, baba anamheshimu. Dimanche moja nilimweleza habari ya lile jani. Alisikiliza kinywa wazi mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo mashine inauzishwa wapi?"

"Labda Nairobi," nikasema.

"Basi nitaenda kuangalia."

Mimi nilidhani ni maneno ya Dimanche, lakini alienda kweli, akarudi na picha za mashine mbili. Ya kwanza ina rangi, Mama Agathe, rangi nyingi kuliko soko la Bunia siku ya pagne mpya, na inaweza kuunganishwa na televizyo ya kawaida. Ya pili ni ndogo kama sanduku la kuwekea mkate, kioo chake kinaonyesha nyeusi na nyeupe tu, lakini mistari yake ni myembamba kama nywele, na bei yake ni ya kutisha. Alizitandika mbele yangu, akasema, "Weye chagua. Miye niko mutu wa kahawa, mambo ya kuchora sijue. Ile utasema, ni ile nitaleta."

Nilikaa na picha zile wiki nzima, ninafua nazo, ninapika nazo. Ndipo Hortense, dada mkubwa wa Katsuva, alipokuja jikoni kwetu na kikungu cha ndizi akamwambia mama, mimi nikiwa hapo hapo, "Ile mashine iko ndani ya mali ya ndoa. Ikishuka kwenye kamio, Régine naye anapanda." Mama akapiga vigelegele kama mahari imekwisha kufika. Mimi nikasugua sahani iliyokwisha kutakata.

Na jioni ile Katsuva, nilipomsindikiza hadi kwenye njia, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Régine, kama ningekuja kwenu bila kitu, ungenifungulia mulango?" Nikamjibu, "Mvua inakuja, ufike nyumbani kwanza." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Haya ndiyo sijamwambia mtu. Ninaota Katsuva anateremka kwenye kamio, amebeba sanduku, mimi ninatoka nyumbani ninakimbia, ninakimbia na furaha inanijaa, na ninapofika ninakumbatia sanduku. Kila mara ni sanduku. Ninaamka na aibu. Sasa mwisho wa mwezi anasafiri tena na anataka jibu. Nichague mashine ipi? Na nikichagua, nimechagua nini? Unisaidie, kabla kamio haijaondoka.

Régine, Bigo

*

Régine, binti yangu, nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kwanza nikutoe hofu: hukurogwa. Umeonja kazi unayoipenda ukanyang'anywa, na mtu wa namna hiyo huota. Kutamani mashine si dhambi. Mwanaume akiota kamio, mnampongeza. Wewe ukiota ordinatere, mama anatafuta mganga. Usikubali.

Lakini sasa nikushike sikio. "Mvua inakuja"? Hiyo ni nini? Mtu amekaa kwenye barza yenu amesikiliza habari ya jani la sombe toka mwanzo hadi mwisho, amevuka mipaka kwenda kuangalia kitu asichokijua, kisha amekuuliza neno moja, na wewe unampa habari za hali ya hewa! Unajua kuchora unywele, na hukuweza kusema "sijui bado"? Hata hilo lingekuwa jibu. Kukimbilia sanduku usingizini si kosa. Kumwacha akiwa macho aamini kwamba unamkimbilia yeye, hapo ndipo unapomkosea.

Tuanze na lililo rahisi, mashine. Mimi sijui ordinatere, basi nilimwuliza Nicolas, ndugu yangu anayefanya nazo kazi kwenye kampuni ya kahawa kule Kisangani. Hakuniuliza habari za rangi. Aliniuliza, "Anachora ili ionekane wapi?" Nikamwambia, kwenye nguo na kwenye karatasi. Akasema basi ile ya rangi itamdanganya, kwa sababu uzuri wake unabaki kwenye kioo. Kiwanda cha pagne kitatia rangi zake chenyewe. Kinachotaka kutoka kwako ni mstari safi. Kwa hiyo chagua ile nyeusi na nyeupe. Ninajua inaumiza. Rangi unazo kichwani, hakuna atakayekunyang'anya.

Ila wakikuonyesha nyingine ya namna hiyo hiyo yenye bei ya chini, usiichukue. Nicolas anasema nguvu ya mashine haionekani kwa nje, iko kwenye mémoire, nayo ni kama meza ya kazi: meza ikiwa ndogo, utachora jani moja na la pili litaanguka. Uombe mémoire kubwa kuliko unayofikiri inakutosha leo, na disque ya kutunzia michoro ambayo iko ndani ya mashine yenyewe, usije ukashinda unabadilisha vidisketi kama mtu anayelisha kuku. Na usinunue kwa picha! Nani amekwambia kitu cha mkono kinachaguliwa kwa kutazamwa? Ukae mbele yake, uchore, ujaze kioo, na ikianza kufikiri kama ile ya Madame, inuka, uage kwa heshima. Mashine ya kuchapisha utoke nayo dukani hapo hapo, na riboni za wino za akiba, hapa Bunia hutazipata. Utafute régulateur nzuri ya kutuliza umeme, maana wa kwetu unaujua, na kitambaa cha kufunika vumbi, na radi ikianza kule Djugu uchomoe waya bila kubishana.

Sasa mtu. Uende kwake, si yeye aje kwako, na uende kabla hajawasha kamio. Umwambie ndoto yako jinsi ulivyoniambia mimi, na sanduku likiwemo. Umwambie kwamba mashine ni ya kazi na ndoa ni mambo ya watu, na havitasafiri kwenye kamba moja. Kama anataka kuingia nawe katika kazi, muelewane kama watu wa kazi. Kama anataka kuoa, mali ya ndoa ifuate njia yake, mbuzi, ng'ombe, wazee wakae. Hortense naye umwambie, kwa adabu, lakini umwambie. Akikasirika akaenda, utabaki na kalamu yako na usingizi mtulivu. Usiondoke kwake bila kusema. Na mvua ikinyesha, ulowe.

*

(Régine ametuandikia tena baada ya Noeli. Tumesoma hivi.)

Mama Agathe, nilikwenda. Nilimkuta dukani kwake kati ya magunia, nikasema yote nikiwa nimesimama, hata sanduku. Katsuva akakaa kwenye gunia. Kisha akasema, "Nilijua. Niliwaza, nikileta, utanizoea."

Dimanche ile hakuja. Iliyofuata hakuja. Mimi nilifagia barza na kutoa kiti chake, nikajiuliza ninamtolea nani. Halafu akaja Hortense. "Fungasha," akasema. "Tunaenda Nairobi siye wote. Mudogo wangu amesema mashine itakuwa ya kazi, utamuchorea alama za magunia. Juu ya ndoa atanyamaza mpaka useme weye." Baba akakubali kwa sababu Hortense atakuwa nami njiani.

Tulipita Beni na Kasindi, mimi nikiwa dirishani, milima inatembea na mawingu yake, ninaiona yote kama pagne. Kwenye daraja moja la mbao Katsuva alisimamisha kamio, akavua viatu, akakunja suruali, akatangulia peke yake akikanyaga ubao mmoja baada ya mwingine, akiinama kuchungulia chini. Akarudi, akatuvusha siye kwa miguu, ndipo akaivusha kamio. Mbao zililia. Mimi nilijikuta nimeshika mdomo kwa mikono miwili, na kichwani hakukuwa na pagne wala mashine.

Nairobi nilikaa kwanza mbele ya ile ya rangi, na karibu nilie. Kisha nikakaa mbele ya ile ndogo yenye mémoire kubwa. Nikachora jani, kioo kikajaa kabla sijapumua. Nikamwambia muuzaji, ni hii. Akasema niendelee kuijaribu wakati wanafunga vitu, na mkono wangu ukaenda wenyewe: mtu ameinama kwenye daraja, miguu mitupu, shati limetoka nyuma.

Hortense akachungulia. "Na huyu ni nani?"

"Hakuna mutu."

Alicheka mpaka duka lote likageuka. Katsuva, aliyekuwa akibishana na muuzaji juu ya waya, akaja na waya wake mkononi, akainama kwenye kioo, akatazama sana.

"Suruali yangu iko fupi hivi?"

"Iko fupi," nikasema. "Kaa hapa karibu. Bado sijachora uso."