Mbwa Asiyebweka na Baba Mkwe Asiyesema

Jumapili, Kiseke. Mvua ilitukuta tukitoka kanisani, sasa imekatika na kumbikumbi wanajigonga dirishani. Moyo wangu leo ni mwepesi, na nisipoandika sasa hivi nitaanza kuosha vyombo na yote yatapotea.

Jana jirani yangu aliniuliza anunue mbwa wa aina gani. Anataka mbwa mkubwa, mkali, wa kubweka mpaka mtaa wa pili. Nikamwambia kwamba mbwa niliyempenda kuliko wote hakuwahi kubweka maishani mwake. Alidhani namtania. Tangu hapo sijamwaza kiumbe mwingine.

Aliitwa Soksi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo Nyegezi, mimi na mume wangu Masanja, chini kabisa ya kilima cha mawe. Viwanda vya sangara vilikuwa vikiota kando ya ziwa kama uyoga, na Masanja alikuwa amepata kazi ya ufundi wa mitambo ya baridi katika kimojawapo. Mimi nilikuwa kinyume chake. Kiwanda cha nguo nilikokuwa nikifanya kazi kilipunguza watu, nami nikawamo, nikabaki barazani na cherehani yangu, nikipunguza viuno vya suruali za mitumba.

Bosi wa Masanja, Mbelgiji aliyekuwa ameishi Zaire kabla ya kuja Mwanza, alipomaliza mkataba alimwachia mbwa. Akamwambia huyu ni basenji. Masanja alinisimulia kwamba kwa muda alidhani mzungu anamtukana yule mnyama, maana masikioni mwetu neno lile ni ndugu kabisa wa "washenzi". Kumbe ndilo jina la kabila lake. Ni mbwa wa misitu ya Kongo, wawindaji wa huko wamekaa nao tangu enzi na enzi.

Sisi tulijua mbwa wa aina mbili tu: mbwa wa polisi na mbwa. Huyu hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, miguu myeupe mpaka vifundoni, ndiyo maana ya jina. Mkia ameukunja juu ya kiuno kama mtu aliyefunga fundo asisahau jambo. Masikio wima, na paji la uso limejaa makunyanzi, kama mzee aliyepewa kesi ngumu ya kuamua. Alijilamba mwili mzima kama paka. Tone moja la mvua likimgusa, anarudi ndani mbio na kukuangalia wewe kana kwamba ndiwe uliyeifungulia.

Na hakubweka. Watu wa mtaani walimwita mbwa bubu. Akifurahi sana alitoa sauti ya ajabu, uuu-ruuu, kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika akiwa amefungiwa ndani ya mtungi. Zaidi ya hapo, kimya.

Kisha akaja baba mkwe.

Alikuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hospitali walitaka akae mjini kwa wiki kadhaa ili wamwangalie, kisha waamue kuhusu jicho la pili. Nilimwandalia chumba, nikatandika shuka mpya, nikaitandua na kuitandika tena.

Lazima niseme ukweli. Yule mzee hakunitaka. Alikuwa Msukuma wa ng'ombe zake, nami ni Mjita wa Majita, binti wa wavuvi. Alipopewa habari zangu mara ya kwanza alimwambia mwanawe kwamba atakula samaki mpaka aote mapezi. Kwenye harusi alikuja, alikaa, aliondoka. Tena ukijumlisha na heshima ya ukwe, ambayo kwao haina mchezo, hatukuwa hata na njia ya kuzoeana. Mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe akapiga soga. Hali mbele yake. Hamgusi. Nilimpigia shikamoo nikiwa nimesimama mlangoni, akaitikia marahaba akiangalia ukuta. Siku ikawa imeisha hapo.

Masanja akiondoka asubuhi, nyumba ilibaki na mabubu watatu.

Baba alipomwona Soksi mara ya kwanza alimshika taya, akamfungua mdomo na kumchungulia kwa lile jicho lake lililokuwa bado linaona, kama anavyokagua ng'ombe mnadani. Alitafuta ulimi. Alipouona upo alizidi kukasirika. Alimwambia Masanja kwamba mbwa anayelala ndani ni mzigo, na mbwa anayelala ndani na kunyamaza ni mizigo miwili kwa mpigo. Kwake, mbwa wa ng'ombe walilala nje kwenye umande, na aliyekanyaga kizingiti alikula fimbo.

Soksi hakujali. Alipenda jua kuliko chakula, na jua la asubuhi liliangukia pale pale baba alipokuwa akiketi, uani. Siku ya kwanza alilala mbali kidogo. Siku ya pili alilala karibu na fimbo ya baba. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amelala juu ya miguu ya baba, na baba amekaa wima hajitikisi, akijifanya hana habari.

Baadaye nikasikia mluzi. Niliacha kushona. Baba alikuwa akipiga mluzi wa kurudisha ng'ombe zizini, taratibu, wa kupanda na kushuka, labda kwa sababu ya kukumbuka kwao. Soksi akainua kichwa. Makunyanzi yakaongezeka. Kisha akajibu: uuu-ruuu!

Baba akapiga tena. Soksi akajibu tena.

Nikasikia yule mzee anacheka. Sikujua kama huwa anacheka.

Kuanzia hapo akawa anamsemesha. Kwanza kwa Kisukuma, baadaye kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kunifikia barazani. Asubuhi moja akamuuliza, "Sokisi, hivi chai ya nyumba hii haijui tangawizi?"

Kesho yake nikatia tangawizi. Alipoimaliza alimwambia Soksi kwamba huyo mwanamke wa ziwani ana masikio.

Nami nikajikaza. Nilikuwa nimeshika suruali ya mtu, viazi vikavu vya michembe vinachemka jikoni, nikasema bila kugeuka, "Soksi, muulize baba anapenda michembe na maziwa au na karanga?"

Nikasikia anaweka kikombe chini. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Halafu nikasikia baba akimnong'oneza mbwa kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia: karanga.

Ndivyo tulivyoanza kuongea. Mimi barazani, yeye uani, mlango wazi katikati, na mbwa amelala kizingitini hajui kwamba amekuwa mkalimani. Kupitia kwa Soksi nilijua kwamba mama mkwe, niliyekuta ameshafariki, alikuwa akiimba vibaya sana na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kupitia kwa Soksi, baba alijua kwamba babu yangu aliwahi kuvuta sangara mkubwa kuliko mimi. Akamwambia Soksi kwamba Wajita ni waongo. Nikamwambia Soksi kwamba Wasukuma huhesabu ng'ombe wa jirani kama wa kwao. Tulicheka, kila mtu upande wake.

Masanja akirudi jioni tulirudi kuwa wakwe. Mimi jikoni, baba sebuleni, kimya kabisa. Masanja alituonea huruma.

Ila siku moja baba alimwambia Soksi kwamba nyumba hii ni nzuri lakini haina kilio cha mtoto. Hakusema kwa ubaya. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini sindano ilinichoma kidole, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Soksi, mwambie baba alikuwepo mmoja. Hakufika kuzaliwa."

Siku nzima hakupiga mluzi. Nilijilaumu kwa kumtwika mbwa mzigo kama ule.

Kesho yake Soksi akapotea.

Mawe ya Nyegezi yamejaa pimbi, na kwa Soksi pimbi walikuwa kama peremende kwa mtoto. Alikuwa na kawaida ya kuwafukuza asubuhi na kurudi jua likiwaka uani. Siku hiyo jua liliwaka na yeye hakuja. Mchana ukapita. Upande wa ziwa mawingu yakaanza kuwa meusi. Nilizunguka mtaa nikiuliza, na mama mmoja akanijibu maneno yaliyonikata maini: mbwa mwingine angebweka tukamsikia, huyu wenu akikwama atakufa kimya kimya.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba amesimama mlangoni, kiraka cha upasuaji jichoni, fimbo mkononi. Akanyoosha fimbo upande wangu. Nikaelewa. Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaanza kupanda, mimi mbele, yeye nyuma, fimbo katikati yetu kama heshima yenyewe.

Njia ya chini haikuwa na shida. Juu, mawe yanapopandana, fimbo haikutosha. Baba aliteleza, goti likagonga mwamba, nikageuka nikasita. Mkono wangu ulikuwa hewani, siurudishi wala siupeleki.

"Nishike, mwanangu," alisema. "Jiwe halijui ukwe."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha pasipo mbwa.

Juu tuliita, tukasikiliza, tukaita. Hakuna kitu. Upepo wa mvua ulianza. Ndipo nilipokumbuka ule mchezo wao wa asubuhi, nikamwambia apige mluzi. Akapiga, lakini pumzi ilikuwa imemwishia, ukatoka upepo mtupu.

"Baba, rudia," nikamwambia, kama ninavyomwambia mtu yeyote. "Rudia tafadhali."

Akalowesha midomo, akarudia. Mluzi ukapanda, ukashuka, ukazunguka kwenye mawe.

Na kutoka chini ya miguu yetu, ndani kabisa ya mwamba, ikatoka sauti ya jogoo mdogo kwenye mtungi.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Ufa ulikuwa mwembamba, mawe madogo yalikuwa yameporomoka na kuziba mdomo wake. Baba alipiga mluzi ili Soksi azidi kujibu, mimi nikafuata sauti kwa mikono, nikitoa mawe na kuyatupa nyuma. Kucha zilivunjika. Nilipofika nilishika miguu miwili ya nyuma, ile ya soksi, nikavuta taratibu mpaka akatoka mzima, pua imechubuka, mwili mzima vumbi.

Hakutushukuru. Alijitazama, akaona alivyochafuka, akakaa chini na kuanza kujilamba.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mvua ikaanza palepale, tukajibanza chini ya jiwe lililoinama, watu wawili na mbwa mmoja aliyekasirishwa na maji. Hapo hatukuwa na mlango wala kizingiti kati yetu. Baba akaniambia kwamba Masanja hakuwahi kumweleza habari za yule mtoto. Akasema mkewe alipoteza wawili kabla ya Masanja, na kwamba wakati ule yeye alitoka kwenda kwa ng'ombe wake na kumwacha alie peke yake, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha jambo jingine la kufanya. Akanipa pole. Alinipa pole ndefu, ya kikwao, ya kurudiarudia, na mimi nikaipokea yote. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa pole ya yule mtoto kwa namna hiyo.

Mvua ilipopungua tukashuka. Yeye ndiye aliyembeba Soksi, kifuani, ndani ya koti, asilowe.

Masanja aliporudi alimkuta baba sebuleni na mimi jikoni, kila mtu kimya. Alisema, poleni kwa upweke, najua mnavyochoka mkishinda bila wa kuongea naye. Baba akaangalia ukuta. Mimi nikaangalia sufuria. Soksi alikuwa amelala, amechoka na mambo yetu.

Jicho la baba lilipona, akarudi kwao. Hatukukubaliana lolote kwa maneno, lakini tulielewana: mbele za watu, ukwe ulibaki palepale.

Baada ya mavuno tulikwenda kumsalimia. Tulimkuta chumbani kwake amejipumzisha, na kando ya kitanda, juu ya gunia safi lililokunjwa vizuri, amelala mbwa wake wa ng'ombe, jibwa la kienyeji lenye sikio moja lililopasuka. Masanja alisimama mlangoni kinywa wazi. Ilikuwa kiangazi, joto la kukausha mate. Akamuuliza baba yake, tangu lini mbwa analala ndani?

"Nje kuna baridi," baba akasema.

Nilitoka nje haraka, nikaenda kucheka nyuma ya ghala.

Baba sasa ni marehemu, na Soksi alishatangulia siku nyingi. Aliishi hadi akawaona watoto wetu wawili wakijifunza kutembea kwa kushika ule mkia wake uliofungwa fundo. Mbwa wengine wamepita nyumbani kwetu, wanaobweka kama inavyotakiwa, nami nimewapenda wote. Jirani yangu nitamwambia anunue yeyote atakayemfurahisha, mradi amruhusu alale pale jua linapoangukia.

Nimecheka tena sasa hivi, na Masanja ameuliza kutoka sebuleni nacheka nini. Miaka yote hii anaamini kwamba mimi na baba yake hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Bado huwa ananipa pole kwa hilo.

Nimwite nimwambie, au nimwache asome mwenyewe?