Piano ya betri tuliyoiacha Karuba

Mujukuu wangu Aline,

Amani ya Yesu ikufikie huko Goma. Sisi tunapumua, koko yako Petro, mume wangu, anakohoa bado, maharagi yameota. Umeniuliza kwaya yenu inunue piano gani.

Kwaya yetu ya Karuba ilikuwa na mbili: mpya ya umeme, na ndogo ya betri. Papa Safari, mpigaji wetu, aliicheka ile ndogo: "Hii iko nalia kama mbuzi!" Petro akamjibu, "Mbuzi njo anakula popote, kaka." Vita ilipofika tulibeba ile mpya. Hata mimi nilikubali.

Kambini Kitshanga umeme haukuwako. Homa ikamchukua Neema, mtoto wangu wa kwanza. Kwetu mtoto wa kwaya hazikwi bila piano, basi Safari akaiweka ile nzuri kando ya kaburi. Ilikuwa bubu. Akabonyeza tu, machozi yakimdondoka, na sisi tukaimba tukifuata vidole vyake.

Sijui Mungu alisikia nini siku ile. Wewe nunua unayoipenda, mama yangu, lakini uliza kwanza kama inakubali betri.

Nakuweka mikononi mwa Bwana.

Koko yako,
Mama Neema