Majirani wa Mlima Mwekundu

Cape Town, 4 Agosti 2019

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna. Goti vipi?

Picha niliyopiga ya vile vimea vyetu vinavyofanana na kokoto imependwa na watu elfu tatu mtandaoni. Wanauliza chama chenu cha kuviotesha kiko wapi. Miaka thelathini sasa, wanawake tisa mnajifungia uani na mbegu zenu kama mnapika gongo. Fungueni geti, Shangazi.

Mwanao,
Leandra

Steinkopf, 19 Agosti

Mwanangu Leandra,

Goti linauma, linatembea. Iondoe picha hiyo leo. Nyuma ya mmea unaonekana Mlima Mwekundu mzima, na wanaoiba vimea hivi kuviuza watajua pa kuchimba.

Shangazi yako,
Katriena

Cape Town, 2 Oktoba

Shangazi,

Sithubutu hata kuuliza hali. Sanna, mwenzenu wa chama, amenipigia: wezi wamechimba mlima, wamebeba vimea karibu vyote. Picha nimeiondoa, nimechelewa. Uliniambia. Fungeni kabisa sasa, msimpokee mtu, hata mimi.

Leandra wako

Steinkopf, 24 Novemba

Mwanangu,

Mimi nipo, sijambo. Kosa lako ni lako, sikupunguzii. Sasa sikia langu.

Mzee Apools, anayechunga mbuzi kule mlimani, aliwaona wezi wakijaza magunia mchana kweupe. Aliwasalimia. Gari lilipokwama mchangani, akawasaidia kusukuma. Nilimfuata nikifoka. Akaniambia, "Katriena, miaka yote mnapanda mlima huu mkificha vikapu. Mimi ningejuaje? Nilidhani wanabeba mawe."

Nikageuka, nikarudi uani.

Nikawaambia wenzangu tunafungua. Dina akasema, "Umerukwa na akili? Wametuibia, nawe unawakaribisha?"

"Wezi wameshajua," nikamwambia. "Wasiojua ni majirani zetu."

Wanne wamejitoa na miche yao. Waende. Mahali vilipobaki vimea vichache hatumwonyeshi mgeni, lakini kila Jumamosi mtu wa hapa yeyote tutamfundisha majina na kuotesha mbegu. Jumamosi ya kwanza alikuja Apools peke yake, kofia mkononi. Ya pili alileta wanawe na wakwe.

Juzi gari geni lilisimama chini ya mlima. Kabla sijavaa viatu, watu kumi na mmoja walikuwa wamelizunguka, Apools mbele, akiwauliza waliomo kwa upole wamepotelea wapi. Wakageuza.

Usinifundishe tena kufunga. Njoo Desemba ukae getini, na kila anayeingia umweleze ulichofanya, kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha ingia ndani, tuna mbegu za kupanda.

Shangazi yako,
Katriena