Mtoto Tumemwita Wakio

Voi, 9 Juni 1956

Mama yangu,

Mkonge umenichubua mikono, lakini nashukuru Mungu, mke wangu Ajiambo yu hai. Mimba ikiwa ya miezi minane, kichwa kilimuuma ghafla, akaanguka, akatapika. Tulidhani ni uchungu wa kuzaa, tukamhimiza asukume. Wakio, mkunga wa kijiji cha Mghange, akafoka: “Wajinga nyinyi! Akisukuma mtamzika!” Tukamkimbiza hospitali kwa toroli ya kubebea mkonge, Wakio amemshika kichwa njia nzima.

Daktari alisema mshipa ulivuja damu kichwani. Akampasua tumbo, akamtoa msichana. Mkono wa Ajiambo bado mzito, lakini ananyonyesha.

Najua kwetu mtoto hurithi jina la marehemu. Huyu nimempa la aliye hai. Wazee wakinuna, wanilaumu mimi, jina silibadilishi.

Mwanao,
Dishon